Dhana Iliyogeuzwa Lambwe

Zadock alikuwa msaidizi wa mifugo katika bonde la Lambwe, mtu mbishi aliyewaudhi wakubwa kwa swali moja: dai lako likiwa la uongo, tutajuaje? Mwaka 1996 kampuni moja ya dawa ilikuja ikijigamba kwamba sindano yake huponya ng'ombe wanane kati ya kumi wenye ugonjwa wa mbung'o. Ikaamuliwa wajaribiwe ng'ombe hamsini.

Kabla ya kutoboa sikio la kwanza kuchukua damu, Zadock aliandika kwa chaki kwenye ukuta wa josho. Dhana ya kwanza: katika ng'ombe wote wagonjwa, uwiano wa wanaopona ni 0.8, kama kampuni isemavyo. Dhana ya pili: ni chini ya 0.8.

"Tunaandika sasa," aliwaambia wafugaji, "ndio damu ikishapimwa, mtu asigeuze maneno."

Walipona ishirini na tisa. Ahadi ilikuwa arobaini. Hata ukiwasamehe wachache kwa bahati mbaya, pengo hilo lilikuwa kubwa mno.

Mkuu wake, Daktari Simeon, akaandika ripoti ofisini Homa Bay. Dhana ya kwanza aliiacha. Ya pili akaigeuza: zaidi ya 0.8. Ujanja wa kishenzi! Ukiuliza kama dawa inapita wanane kwa kumi, ishirini na tisa watakujibu kwamba hakuna ushahidi, na pasipo ushahidi dhana ya kwanza haikataliwi. Hakudanganya nambari hata moja. Aligeuza swali tu.

"Daktari, hakuna mtu aliuliza kama inapita," Zadock alisema. "Tuliuliza kama inapungua."

"Bwana Zadock, sign tu. Contract yako inaisha mwezi huu, ama umesahau?"

Akatia sahihi. Mbishi wetu!

Ripoti ikasomwa kwenye baraza la chifu: dai la kampuni halijakataliwa. Bathsheba, mjane wa kaka yake Zadock, alikuwa na fahali wawili wa kulimia, wote wagonjwa. Akaacha dawa ya zamani, akanunua hiyo. Walikufa wote kabla ya mvua ya Machi.

Alikuja kwa Zadock mchana, akakataa kiti.

"Shemeji, ulijua?"

Zadock akaanza kumweleza mambo ya dhana ya kwanza na ya pili. Bathsheba akamkatiza.

"Mimi hesabu sijui. Walipokuwa wakisoma majina ya waliosaini, nilingoja lako. Nikalisikia, ndio nikanunua."