Ruta ya Wema Haiamini Saa

Dama Fondo alipokuwa mdogo aliwahi kutoroka shambani kwao, karibu na kijiji cha Wema, ili ajue ng'ombe wa Waorma, wafugaji wa huko, hutambuaje wakati wa kurudi nyumbani. Aliwafuata mpaka zizini. Alichapwa, na jibu hakulipata.

Mwaka 1998, miezi michache baada ya mafuriko kuiondoa nyumba ya mama yake, udadisi huohuo ndio uliokuwa ukimpa riziki. Alikuwa fundi wa kituo cha kupima maji ya mto, hapo Garsen. Kipimo chenyewe kilikuwa Wema. Ruta ya kule, mashine ya kupitishia ujumbe, ilituma kina cha maji kwa redio hadi ruta ya Garsen, na kila ujumbe ulibeba saa yake. Saa hiyo ruta zote mbili ziliiuliza kwa seva, kompyuta iliyofungiwa stoo hapo Garsen, isiyo na hata kioo.

Sasa ujumbe wa Wema ulifika na saa za uongo. Maji ya asubuhi yalisomeka kuwa ya jana usiku.

"Kipimo kisichojua saa hakimwonyi mtu," Barnabas, mhandisi mkuu wake, alimwambia kwa simu kutoka Mombasa. "Jumatatu nakuja na pikapu. Ikiwa bado, napakia kila kitu, napeleka mto mwingine."

Mama alikuwa ameshajenga tena, palepale ukingoni.

Dama alishinda Wema akibadilisha nyaya na kugeuza antena. Kila alipoihoji ruta, jibu lilikuwa moja: seva naiona, lakini yenyewe haina uhakika na saa yake, kwa hiyo siifuati. Jibu hilo lilimkera, na lilimvuta. Seva ilikuwa na kipokezi juu ya paa, ikipokea saa kutoka kwenye setilaiti. Ingekosaje kujiamini?

Jumamosi, akiwa Garsen, aliacha kuihoji ruta. Alibeba kigoda, akaingia stoo, akaweka kiganja juu ya mgongo wa bati wa seva, kama mtu anayemuuguza mgonjwa. Feni ilitetema chini ya vidole vyake. Adhuhuri ilipoingia, ikanyamaza.

Jenereta iliyokipa kituo umeme, huko nje, nayo ilikuwa kimya. Ndani ya ukimya huo ikapita sauti nyembamba ya mwadhini.

Kuzimika kwa jenereta hakukuwa jambo geni kwake. Ila alikuwa ameliamini sanduku la betri ya akiba, lenye taa ya kijani, kwamba ndilo hubeba seva. Hakuwahi kuitazama taa hiyo umeme ukiwa umekatika. Sasa haikuwaka. Betri ilikuwa imeoza kwa maji ya mafuriko.

Alitoka, akamkuta Mzee Wario, Mworma mwangalizi wa jenereta, amesimama na mkono kwenye swichi.

"Mzee, umeizima?"

"Ngoja amalize." Adhana ikaisha. "Kipaza sauti cha msikiti kilikwenda na maji. Mwadhini mwenyewe meno hana. Ashindane na dizeli?"

"Kila adhana?"

"Kila adhana."

"Mbona hukuniambia?"

"Nyinyi wakulima wa mahindi mnauliza kila kitu. Hili tu hukuuliza. Nikadhani mashine nayo inapumzika."

"Haipumziki. Ukiwasha jenereta, seva inaamka kama mtu aliyelala mchana, hajui ni asubuhi au jioni. Ruta zinaikataa. Zikikaribia kuikubali, unazima tena."

Wario aliutazama msikiti. "Basi nisizime?"

Dama aliikumbuka ile sauti nyembamba. "Zima, mzee. Nitafutie betri nzima."

Jioni Wario alirudi na mkokoteni wa punda, juu yake betri ya gari iliyokuwa ikiendesha redio ya nyumbani kwake. "Taarifa ya habari utanisimulia wewe," alisema. Dama akaiunganisha na lile sanduku, kisha akachomeka humo na ruta na kompyuta yake.

Jumatatu alasiri Barnabas alikuwa mbele ya kioo cha kompyuta ya Dama jenereta ilipozimwa.

"Nani kakata umeme?"

"Subiri kidogo, bosi."

Adhana ikaja. Kule stoo, feni ya seva iliendelea kuzunguka. Ujumbe wa Wema ukaingia, na saa yake ilikuwa ileile ya mkononi mwa Barnabas. Alisubiri mwingine, na mwingine. Kisha akaondoka na pikapu tupu.

Wario aliwasha jenereta, akaja mlangoni.

"Ruta zinauliza seva. Na seva inauliza nani?"

Dama alimwonyesha kipokezi juu ya paa, kisha mbingu juu yake. Wario aliinua uso, akakinga jua kwa kiganja, akatazama kwa muda.

"Na huko juu," alisema, "wao wanauliza nani?"

Dama akavuta kigoda, akamkaribisha aketi.