Zipu Imepanda Mpaka Juu

Jamani, leo gauni langu la sendofu limefunga!

Tangu nimzae Neema lilikuwaga linagoma kiunoni, na kesho ndiyo ubatizo wake.

Mimi na wifi yangu Bhoke tulikuwa tunashindana kupungua. Yeye aliacha ugali kabisa. Mimi nilikula kila kitu, ugali na dagaa wangu humo humo, ila kwenye kisahani cha Neema chenye picha ya bata. Kikiisha, siongezi.

Basi leo tumejaribu magauni mbele ya mama mkwe. Langu, zipu mpaka juu! La wifi likakwama mgongoni.

Mama akashangaa. "We Bhoke, si ulisema huli?"

"Sijala kabisa, mama! Nakulaga samaki tu."

"Samaki wangapi?"

"Sato mmoja mkubwa... na karanga... na mtindi. Lakini ugali sijagusa!"

Tulicheka mpaka tukakaa chini. Si mnajua huku kwetu, bila ugali hujala. Wifi alikuwa anashinda anakula, na bado hajala!

Kesho mtaniona kanisani, mama Neema, napumua vizuri kabisa.

Ila Neema amekumbatia kisahani chake: "Mama, changu!"

Nani ana kingine cha bata?