Pangaboi la Mama Fulgence

Nyumba yake ya Matogoro, Songea, mzee Tadei aliijenga kwa mikono yake mwenyewe, kuanzia kufyatua matofali hadi kupiga kenchi za paa, na hakupenda kusikia mtu akiitoa kasoro.

Mwaka ule mkewe, Walburga, aliugua moyo. Miguu ilivimba, na ilipofika Novemba, mvua zikachelewa na bati likawaka joto, akawa hawezi tena kulala. Alikuwa anashinda ameketi kitandani, mito mgongoni, akihema. Mtoto wao Fulgence, aliyekuwa Dar es Salaam, akanunua pangaboi Kariakoo, maana siku hizo vitu vya Dubai vilikuwa vimejaa tele, akampa dereva wa lori alilete Songea.

Tadei akamwita Daimu, fundi umeme mwenyeji wa Tunduru. Daimu alitoboa dari juu ya kitanda, akitafuta boriti ya kufungia ndoano. Alipoigonga kwa nyundo, unga ukamwagika hadi kwenye shuka la mgonjwa.

"Mzee, boriti imeliwa na mchwa. Hapa sifungi."

"Mchwa gani? Huo ni mninga, nimeupandisha mwenyewe."

"Wallahi, mzee, likianza kuzunguka litamwangukia mama."

Tadei akamshusha, akapanda yeye. Akachomeka bisibisi, ikazama hadi kwenye mpini. Alibaki juu ya ngazi, vumbi likimshukia usoni.

"Baba Fulgence," Walburga aliita kwa pumzi fupi, "shuka. Usije ukaanguka na wewe."

Boriti ya sebuleni ilikuwa nzima. Daimu akashauri pangaboi lifungwe huko, kitanda nacho kihamishwe. Hapo Walburga akaanza kulia.

"Nilale sebuleni kama maiti inayosubiri padri? Kila anayeingia aione miguu yangu hii?"

 Tadei alitoka nje uani, akakaa kwenye kinu kilicholazwa, mikono magotini. Aliporudi alikuwa na kamba na kanga mbili za mkewe. Akazitundika sebuleni kuzunguka mahali pa kitanda, akashona pindo kwa mkono, mishono mikubwa ya mtu asiyezoea.

"Atakayekuja atakusalimia akiwa nje ya kanga," alisema. "Anayetaka kukuona, utamruhusu wewe."

Walburga akakubali; kitanda kikahamishwa, pangaboi likafungwa. Jioni ile upepo ulipompiga kifuani, alilala usingizi mzito, kichwa kimeegemea ukuta. Tadei hakuyaondoa macho darini.

Mvua zilipokuja hatimaye, kisha zikakatika, alianza kuezua bati la chumbani, peke yake, atoe kenchi zote mbovu. Walburga, ambaye sasa alikuwa akila kwa kulishwa, alimsikia akigonga.

"Unamtengenezea nani hicho chumba?" aliuliza kutoka nyuma ya kanga.

"Wewe. Ukipata nafuu urudi kwako."

Walburga alishika pindo la kanga, akaipapasa ile mishono mikubwa. Baada ya muda nyundo ikaendelea kugonga.