Baba alisema mchumba wangu ndiye aliyemuua kaka, na mama bado anamlaani

Admin, naomba unifiche, na majina ninayoyataja hapa si ya kweli. Mimi ni mama wa miaka sabini na moja, mjane, naishi Tabora mjini na mama yangu mzazi. Mama ameshapita tisini, macho yamemwishia lakini akili yake iko sawasawa. Wanangu, someni taratibu. Usingizi wa kueleweka nimeukosa tangu mwaka jana.

Sisi asili yetu ni Uarabuni, mababu walikuja na misafara wakabaki hapa. Baba alikuwa na duka la nguo. Miaka ile ya Ujamaa rafu zilibaki tupu, na kipuri cha gari ungeweza kukingoja mpaka ukasahau ulikuwa unangoja nini. Kaka yangu Nassoro, mtoto wa kiume wa pekee, alikuwa na gari dogo la mbio, la viti viwili, alilolinunua likiwa limeshazeeka kwa Mzungu mmoja wa mashamba ya tumbaku aliyekuwa anahama. Ugonjwa wa gari hilo ulikuwa joto. Akilipeleka Igunga oili inachemka, inabidi asimame porini lipoe.

Mchumba wangu Hamisi, Mnyamwezi wa Usinge, alikuwa fundi magari. Akapata rejeta ndogo ya kupozea oili kwenye mtambo mbovu, akaifunga mbele kabisa ya gari, nyuma ya wavu, pale upepo unapogonga kwanza. Nilikuwepo uani. Nilimshikia mipira miwili ya kupeleka oili kwenye injini na kuirudisha, yeye akiikaza. Kila mpira ulipogusa bati aliuvisha kipande cha ngozi usichubuke. Akawasha injini, akalala chini kutazama kama kuna tone. Hakukuwa na tone.

Nassoro alifurahi. "Shemeji, sasa nafika Igunga bila kusimama."

Hakufika. Gari liliacha njia kabla ya Nzega, likapinduka. Lililetwa nyumbani juu ya lori, pua yote imelowa oili. Baba alilitazama, akasema mbele ya watu, "Mpira umeachia, oili imemwagikia matairi. Huyu amemuua mwanangu." Hamisi hakubisha. Aliposogea kubeba jeneza, baba alimwondoa mkono. "Wewe usimguse."

Uchumba ukaishia hapo. Hamisi alirudi kwao, akaingia kijiji cha ujamaa akalima, na nilisikia hakushika spana tena. Mimi niliozwa kwa binamu yangu. Gari baba akalifunika turubai uani, akakataza lisiguswe wala kuuzwa, mpaka yeye mwenyewe akafariki. Tulidhani ni uchungu. Na mama, kila baada ya swala ya alfajiri, anamrehemu Nassoro, halafu anamlaani Hamisi kwa jina lake na la baba yake. Nimezeeka nikiisikia sauti hiyo upande wa pili wa ukuta.

Mwaka jana mwanangu, ambaye naye ni fundi, akaomba alifungue lile gari. Asubuhi moja akaniita.

"Mama, nani alifunga hii rejeta ya oili?"

"Kwa nini unauliza?"

"Kazi safi. Mipira mizima, imekaza mpaka leo. Oili iliyomwagika ilitokea juu ya injini lilipopinduka." Akanionyesha chuma kinachounganisha usukani na magurudumu. "Mjomba aliuawa na hiki. Kilichomelewa, kikakatikia palepale kilipochomelewa."

Nilikaa chini kwenye mchanga. Nilikumbuka kwamba wiki ile usukani ulikuwa unacheza, na Hamisi alimwambia baba, "Mzee, chuma hiki hakichomelewi, tungoje kipya." Baadaye baba akatuambia kipya kimepatikana Mwanza, kimeshafungwa.

Nikaingia kwa mama. Nikamuuliza, kama mtu anayepiga soga tu, kile chuma cha usukani baba alikipata wapi.

"Kipya kingetoka wapi miaka ile?" mama akasema. "Alikipeleka kwa mhunzi, kikachomelewa. Nassoro alikuwa na haraka ya safari. Umekumbuka nini?"

"Hakuna kitu, mama."

Akaniomba uji.

Tangu hapo nikipita uani ni kama namwona marehemu baba amesimama mbele ya lile gari, na siwezi kujua kama alikuwa anajua alipomnyooshea Hamisi kidole. Nikijiambia hakujua, naliona turubai.

Nikafunga safari hadi Usinge. Nilimkuta Hamisi kajikunja kwenye kiti, anakohoa, bintiye anamhudumia. Alinitambua kwa sauti. Tuliulizana hali, tukapeana pole za wajane. Kisha akasema, bila mimi kugusia lolote, "Mpira ule niliukaza mwenyewe, nawe ulikuwepo. Nimeurudia kichwani maisha yangu yote, sijui niliukosea wapi. Mwambie mama yako namwombea Nassoro kila siku."

Nilifungua mdomo. Nikaiona sura ya baba, nikamwona mama na ule uji wake. Nikasema, "Nitamwambia." Nikapanda basi nikarudi Tabora, na salamu zenyewe sijazifikisha.

Nikimwambia Hamisi ukweli, atajua maisha yake yalichukuliwa bure, na ndugu zake hawatanyamaza, mama atasikia. Mama akisikia, atakufa akijua mume wake ndiye aliyemfungia mwanawe kile chuma, na kwamba miaka yote hii amemlaani mtu asiye na kosa. Nikinyamaza, Hamisi ataingia kaburini akijiita muuaji. Kikohozi kile si cha mtu wa kungojwa.

Leo alfajiri mama amelitaja tena jina lake. Ninyi mngekuwa mimi, mngeanzia nyumba ipi? Niambieni, nawasoma.