Siku Jemadari Alipokaa Chini Tunduni

Kwa miaka thelathini na mmoja mama huyu alizalisha wake za watu, na hakuna aliyemwita kwa jina. Aliitwa Mkunga wodini, akaitwa Mkunga sokoni, hata mumewe alimwita Mkunga, ingawa alimwoa kabla hajasomea kazi hiyo. Alikuwa mfupi, mpana, mwenye mikono ya moto na ulimi wa moto zaidi. Waliojifungua mbele yake walisema uchungu wenyewe ulivumilika. Kilichowashinda ni maneno ya Mkunga. Lakini watoto walitoka wazima, kwa hiyo walimsema kwa sauti ya chini.

Alipostaafu, mumewe aliingiwa na hofu. Yeye alikuwa fundi saa, mtu wa kimya, aliyezoea vitu vidogo visivyojibu. Aliwaza kwamba mwanamke aliyeamrisha wodi nzima, akibakiwa na mtu mmoja tu wa kumwamrisha, huyo mtu kwisha habari yake. Basi akamletea kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu, aliyepewa na mteja aliyekuwa anahama. Mteja alisema ni dume. Hakuna aliyechunguza, maana kasuku siri zake huziweka ndani. Wakamwita Jemadari.

Haukupita mwaka Jemadari akawa ameshika amri zote za wodini. Mgeni akibisha hodi, anaambiwa anawe mikono. Diwani alikuja siku moja kuomba kura, sauti ya tunduni ikamwamuru atoe ulimi uonekane. Akautoa. Miaka minane nyumba ile ilikuwa na wakubwa wawili na fundi saa mmoja, na fundi saa alikuwa na raha, kwa sababu wakubwa walikuwa wanaamrishana wao kwa wao.

Jumamosi moja asubuhi Mkunga alifunua tundu asisikie neno. Jemadari alikuwa amekaa chini, kwenye gazeti, manyoya yamemvimba kama mto wa kulalia uliopasuka, macho nusu yamefumba. Kila akivuta pumzi mkia ulipanda na kushuka.

Mkunga alimtoa, akampapasa tumbo, akalikuta gumu. Hakufikiri hata nusu dakika. Alitangaza kwamba ndege amefunga choo, na aliyemfungisha ni mumewe, kwa kumpa mkate chini ya meza. Fundi saa alikana huku makombo yapo kwenye shati lake. Mkunga akamlisha ndege papai, akamkanda kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu, akamweleza kwa ukali kwamba uvivu wa tumbo huanzia kichwani. Jemadari alimng'ata kidole gumba. Alimng'ata kidogo tu, bila nguvu, na hapo ndipo Mkunga alipoogopa. Ndege yule siku zote aking'ata, damu hutoka.

Mumewe akasema kwa upole kwamba labda waende kwa daktari wa mifugo. Mkunga alimjibu kwamba yeye hakushika roho za watu miaka yote hiyo ili leo akafundishwe kazi na mtu anayeingiza mkono kwa ng'ombe.

Fundi saa alivua miwani yake ya kazi, akavaa viatu, akanyanyua tundu.

"Mimi nakwenda," alisema. "Wewe ukitaka, baki."

Katika ndoa yao hakuwahi kusema sentensi kama hiyo. Mkunga alitafuta kanga ya pili, akamfuata hadi kwenye teksi.

Kwenye zahanati ya wanyama kulikuwa na foleni ya mbuzi mmoja, paka wawili na mbwa mwenye bandeji. Mkunga aliipita yote. Mwenye mbuzi alitaka kulalamika, akatazamwa, akagundua kwamba mbuzi wake hana haraka.

Daktari alikuwa dada mwenye mabuti ya mpira na miwani iliyofungwa kwa plasta. Aliwaamkia shikamoo, akamshika Jemadari kwa taulo, akampapasa palepale alipopapasa Mkunga. Halafu akauliza nani aliwaambia kwamba huyu ni dume.

"Mwenyewe hakukanusha," alisema fundi saa.

Wakampiga picha ya eksirei. Daktari akaigeuza skrini ili waone. Katikati ya mifupa myembamba kulikuwa na kitu cha mviringo, cheupe, kisicho na haja ya kuelezwa na mtu yeyote. Yai. Lilikuwa limekwama, daktari alisema, pengine tangu jana, kwa kuwa ndege alishibishwa mbegu za alizeti na mkate, akakosa kalsiamu, ile chokaa ya kuipa misuli nguvu.

Mkunga aliisogelea skrini.

"Kwa hiyo ana uchungu," alisema.

"Ndiyo, mama."

Fundi saa akacheka. Hakukusudia, kicheko kilimtoka tu, kama saa iliyokatika springi. Mkunga hakumgeukia, na hilo lilimnyamazisha haraka kuliko kofi.

Alikuwa anamkumbuka mama mmoja, mwaka wake wa kwanza kazini, aliyekuja akishika kiuno. Alimwambia ni gesi, arudi nyumbani akanywe maji ya moto. Yule mama alijifungulia kwenye ngazi za hospitali. Mtoto alikuwa mzima, lakini Mkunga hakumwomba radhi, na tangu hapo alikuwa mkali, kwa sababu mtu mkali haulizwi maswali.

Daktari alimchoma Jemadari sindano ya kalsiamu, akamweka kwenye sanduku la kioo lenye joto na mvuke, akawaomba wasubiri nje. Mkunga alivuta kiti akakaa kando ya sanduku.

"Nimewatoa nje waume za watu maisha yangu yote," alisema. "Leo mimi sitoki."

Kisha akainamisha kichwa hadi pua ikagusa kioo. "Pole, mama," alimwambia ndege. "Nisamehe. Sukuma taratibu. Hakuna anayekuharakisha." Fundi saa, aliyekuwa mlangoni, hakuijua sauti ile. Alitazama chumbani kuona kama yupo mwanamke mwingine.

Adhuhuri yai likatoka, dogo kuliko la kuku, ganda lake laini kama ngozi. Jemadari alipumzika, akatolewa akawekwa mezani, na bila kuchelewa akanya juu ya faili la daktari, mzigo wa kutosha. Habari ya choo ikaishia hapo.

Nyumbani mkate ulipigwa marufuku, zikaja mboga za majani na mifupa ya ngisi ya kudonoa, yenye kalsiamu. Jina la Jemadari lilibaki. Mkunga alisema majemadari wengi aliowajua walikuwa wanawake, ila hawakupewa nyota. Yeye mwenyewe akaanza kwenda zahanati ile kila Jumamosi, na mabuti yake ya mpira, kusaidia wanaozaa. Daktari hakumwita, wala hakuthubutu kumkataza.

Mteja wake wa kwanza alikuwa mbwa jike mwenye watoto saba tumboni. Mwenye mbwa alisogea karibu apige picha kwa simu, na Mkunga akamtuma akachemshe maji. Alipotoka, daktari alimkumbusha Mkunga kwamba maji ya moto yapo bombani.

"Najua," alisema Mkunga, akikunja mikono ya nguo. "Lakini sasa hayupo hapa."