Iodini Kwenye Kanzu ya Ami

Msinicheke mapema, maana aibu hii nimeificha miaka yote, hata mke wangu haijui. Nilikuwa kijana wa skuli hapa Pemba, miaka michache kabla ya uhuru, na mgeni alivuka kutoka Unguja kuja kuchagua mmoja wetu, mmoja tu, wa kwenda kusoma kemia ng'ambo. Basi nikaazima kanzu ya ami yangu wa kijijini kwetu Ole, ile ya harusini, mama akaitia wanga wa muhogo na kuipiga pasi mpaka ikawa inasimama yenyewe.

Kazi ilikuwa kuchanganya asetoni, asidi na iodini, kisha kupima rangi ya iodini inachukua muda gani kupotea. Mimi sasa (kiherehere changu hicho), kabla sijagusa chupa, nikaandika ubaoni kwa herufi kubwa kwamba iodini ikiongezwa mara mbili, kasi nayo itakuwa mara mbili. Nikapima kwa iodini kidogo, kisha kwa iodini mara mbili, rangi ikakawia muda mara mbili badala ya muda ule ule. Nikarudia kwa pupa, chupa ikaniponyoka, iodini ikanimwagikia kifuani, na ule wanga ukageuka buluu nyeusi kama wino wa pweza, darasa zima likaangua kicheko, na mimi natamani ardhi inimeze.

Mgeni hakucheka. Akauliza, "Mbona kwenye kanzu iodini imefanya kazi papo hapo, na kwenye chupa inakawia?"

Hapo akili ikanifunguka. Iodini haikuwa na uvivu wowote, ilikuwa inangoja asetoni ijigeuze umbo kwanza kwa msaada wa asidi, na hatua hiyo ndiyo ya polepole. Kiswahili cha darasani kikanikimbia, nikasema kama niko uani kwetu:

"Kwetu Ole ukitandika majamvi mawili, na wanaochambua karafuu n'wale wale, hayajai upesi, yajaa kwa muda mara mbili. Iodini ni jamvi, yangoja tu. Wachambuaji ni asetoni na asidi."

Nikafuta ubao, nikaandika upya kwamba kasi inafuata asetoni na asidi, iodini haimo kabisa. Mgeni akaitazama ile hesabu, akafunga daftari lake.

"Utakwenda wewe," akasema.

Furaha niliyoipata siwezi kuieleza. Ami alininunia siku tatu, ya nne akaanza kuwaonyesha watu wa Ole lile doa, eti ndilo lililompeleka mtoto wao ng'ambo, ila ya ubaoni sikumwambia. Ama mimi, kuandika jibu kabla ya kupima, nimeapa sirudii tena, labda nizaliwe upya.