Nani Anamuua Mfalme

Kwa karibu mwaka mzima nilikuwa na hakika kwamba namjua anayemuua mfalme. Nilikuwa nikisema hivyo kwa sauti, mchana kweupe, nimekaa kwenye cherehani yangu pale Pasua, mjini Moshi, na wateja walishanizoea. Mama mmoja aliyeleta kitambaa cha sare ya kwaya aliwahi kuniuliza kama huyo mfalme ni wa nchi jirani. Nikamwambia hapana mama, ni wa kwenye simu.

Lilikuwa gemu la falme, majoka na wachawi, na lilitolewa sura baada ya sura. Katika sura ya tatu mfalme anaanza kudhoofika kitandani na hakuna ajuaye kwa nini. Watengenezaji walituachia dokezo moja tu: mwovu yumo ndani ya nyumba ya mfalme, na mchezaji ameshazungumza naye. Basi. Wakatuacha tusubiri sura ya nne kwa miezi.

Tulikuwa na kundi letu kwenye simu, watu thelathini hivi, wengi wa Moshi na Arusha, wachache wa Dar. Huyo mwovu tulimwita Mheshimiwa, kwa kuwa ana mkono katika kila jambo na haonekani popote. Wengine walimshuku jemadari kwa sababu ya makovu yake, wengine kuhani kwa sababu anacheka ovyo. Mimi nilimshuku mlezi wa mfalme, mwanamke mtu mzima mwenye kitambaa kichwani, mpole, ambaye kila jioni humletea mfalme kikombe cha dawa. Nilimshuku kwa sababu hakuna aliyemshuku.

Kanuni yangu ilikuwa rahisi. Usimwangalie anayepiga kelele. Mwangalie aliyekuwepo kila mara mtu anapodhurika, na yeye mwenyewe hadhuriki. Kikulacho ki nguoni mwako, niliwaandikia, na mimi nguo ndiyo kazi yangu. Nilipiga picha za skrini, nikazizungushia duara nyekundu, nikahesabu ni mara ngapi yule mlezi amesimama mlangoni kabla ya balaa. Watu walinipigia makofi. Sitajifanya mnyenyekevu: nilipenda sana. Shule niliiacha mapema, na pale kundini watu waliomaliza chuo walikuwa wakiniuliza, "Fundi, unasemaje?" Nani asingenogewa?

Nyumbani kwetu ni Kirua Vunjo, mlimani juu ya Moshi. Mama alishafariki, na mwaka ule wa gemu, wakati wa masika, baba alipigwa na kiharusi. Akabaki na mkono mmoja mzima na maneno machache yanayotoka kwa shida. Aliyekuwa akimhudumia ni mama mdogo, mjane wa mdogo wake baba, ambaye nyumba yake iko chini kidogo ya yetu kwenye kihamba hicho hicho, shamba la ukoo. Alikuwa na ng'ombe wawili zizini. Maziwa ya asubuhi aliwauzia majirani, na kila siku alipandisha kwa baba kikombe kimoja cha moto, akamshikia mpaka kiishe. Alimwogesha, alimgeuza, alimnyoa ndevu. Mimi nilikuwa nikipanda Jumapili. Si kila Jumapili.

Krismasi ilipofika tulipanda wote, kama Wachagga wanavyopanda hata kama mwaka mzima hawakupiga simu. Kaka yangu alikuja kutoka Dar na wanawe, na binamu wakaja na wa kwao. Baada ya ibada na baada ya mtori na nyama, tulikaa uani, nikawaonyesha gemu langu. Wakalipenda. Kila mtu akawa anamtaja Mheshimiwa wake. Nikawafundisha kanuni yangu, nao wakashangaa jinsi inavyobana, na mimi nikazidi kuvimba kichwa.

Kaka akasema, huku anacheka, "Sasa dada, hiyo nadharia yako tuijaribu hapa home. Mzee anadhoofika. Nani yuko karibu?"

Wote wakacheka. Hapo ndipo ningecheka nami, nikaenda kuosha vyombo, na leo nisingekuwa naandika haya. Lakini aliyeulizwa ni Fundi. Nikaweka chini soda yangu, nikaanza kuhesabu kwa vidole, kwa ile sauti yangu ya kundini. Baba mdogo alipougua, nani alikuwa anampikia? Mama alipolala miezi ile mitatu, nani alikuwa haondoki kitandani? Sasa ni zamu ya baba, je, kikombe cha kila siku kinatoka jikoni kwa nani? Na huyo mtu mwenyewe, mmewahi kumwona hata na mafua?

Nilisema kwa utani. Nataka kuamini hivyo. Lakini utani wenyewe niliupanga vizuri, tena kwa raha, na kuna jambo ambalo sikuwahi kumwambia mtu: nilikuwa na wivu. Baba alipotaka maji alimwita yeye, hata kama mimi nimekaa kando yake na glasi mkononi.

Kicheko kilipungua. Kaka hakucheka tena, alikuwa anaangalia chini. Miaka yote ile yuko Dar, na nadhani kama mimi alihitaji mtu wa kumlaumu ambaye si yeye. Shangazi, dada yake baba, alikuwa amekaa kwenye kigoda anamenya ndizi. Alisema tu, "Lisemwalo lipo," akaendelea kumenya.

Nikageuka, nikamwona mama mdogo amesimama kwenye pembe ya jiko, kikombe mkononi. Hakuna aliyejua amesimama pale tangu lini.

Alipita katikati yetu mpaka kwenye kiti cha baba. Kila siku huwa anamshika kidevu, anamwekea kikombe mdomoni. Siku hiyo alikipeleka kwanza mdomoni mwake mwenyewe, akapiga funda kubwa, akameza, akasubiri kidogo huku sote tunamwangalia.

Kwetu, mwenye nyumba akikukaribisha mbege huonja kwanza mbele yako, ndipo akupe. Ni adabu ya zamani, ya kukuonyesha kwamba hamna sumu. Hufanywa kwa pombe, na hufanywa kwa wageni na wakwe. Maziwa ya mgonjwa wa nyumbani sikuwahi kuona mtu akiyaonja.

Baba aliielewa haraka kuliko sisi. Aliinua mkono wake mzima akakizuia kikombe.

"Kwa... nini?" akauliza.

"Leo kuna wageni, shemeji," mama mdogo akamjibu.

Wageni tulikuwa sisi watoto wake.

Sikumfuata jikoni. Nilijiambia kwamba nitamweleza kesho, na kesho yake nikateremka Moshi kwa sababu ya nguo za watu. Siku chache baadaye kaka akanipigia kutoka Dar kuniuliza kama nadhani tumtafutie baba msichana wa kazi, mtu wa nje. Nikamwambia kaka, yale yalikuwa mchezo.

"Mchezo gani, dada? Mbona ulieleza vizuri sana?"

Na huko juu, shangazi hakukaa kimya. Alibeba nadharia yangu mpaka kwenye kikundi cha akina mama kanisani, na huko ikaacha kuwa nadharia. Ikawa "watoto wa mgonjwa wenyewe wanasema." Hakuna aliyemfokea mama mdogo wala kumtupia jiwe. Watu wetu hawako hivyo. Walianza tu kuacha kuleta chupa za maziwa. Mmoja alisema tumbo la mtoto wake limekataa maziwa ya ng'ombe. Mwingine alisema amepata pa karibu, na kutoka kwake hadi pa karibu ni mabonde mawili.

Jumapili moja nilifika saa nne asubuhi nikakuta ndoo yake ya maziwa imefunikwa sahani, imejaa pomoni. Saa hiyo huwa iko kavu imeinamishwa uani. Nilimwamkia, "Shikamoo mama," akaitikia marahaba kama siku zote. Nikasema nataka lita mbili za kushuka nazo mjini, ingawa mjini sina hata friji. Akanipimia. Kabla ya kuifunga chupa alimimina kidogo kwenye kifuniko, akanywa mbele yangu, ndipo akaifunga na kunipa.

Nilikuwa na maneno ya kuwatosha watu thelathini wa kwenye simu kuanzia asubuhi hadi jioni. Kwake nilikosa hata moja. Nikasema asante, nikaondoka, nikajichukia njia nzima.

Sura ya nne ilitoka kabla ya Pasaka. Niliimaliza kwa siku mbili na kazi za watu zikalala. Mheshimiwa alikuwa mtunza taa wa ikulu, kijibwana ambaye humsalimia mchezaji kila akiingia mlangoni. Katika mamia ya jumbe zetu hakuna aliyemtaja hata mara moja. Na kikombe cha yule mlezi ndicho kitu pekee kilichokuwa kinamweka mfalme hai.

Kundi liliwaka moto. "Tumemuonea bibi wa watu!" waliandika, na vikaragosi vya machozi juu yake. Mtu wa Arusha alimchorea yule mlezi picha, akampamba kwa maua. Kisha wakaanza kuniita: Fundi yuko wapi, Fundi aje aombe radhi! Nami, kwa mazoea tu, nikaandika: "Nisamehe bibi, nilikukosea." Wakacheka, wakanisifu kwa uungwana.

Niliiweka simu juu ya kitambaa na nikaona aibu ambayo sijawahi kuiona. Nilikuwa nimemwomba radhi mtu wa kuchorwa, kwa muda mfupi kuliko wa kutunga uzi kwenye sindano. Yule mwenye pumzi, aliyemvika mama yangu sanda, nilikuwa nimemnunulia lita mbili za maziwa. Nikafunga banda saa sita mchana, nikapanda gari la Kirua.

Nilipitia kwanza kwa shangazi, nikamwomba anisindikize. Alinung'unika. "Mimi nilisema ulichosema wewe," akaniambia, na ni kweli. Lakini alijifunga khanga akaja. Kwenye mpaka wa kihamba nilikata jani la isale. Huo ni mmea tunaopanda kugawa viwanja, na jani lake ndilo la kuombea msamaha. Ukiletewa isale huruhusiwi kukataa, hata kama aliyelileta amekuchomea nyumba. Wazee waliliweka hivyo makusudi, wakijua kuna mambo ambayo mtu hawezi kuyasamehe kwa hiari yake.

Tulimkuta anakata majani ya ng'ombe. Alipoliona jani mkononi mwangu aliweka panga chini, akajifuta mikono. Nilipiga magoti nikasema yote: gemu, kanuni yangu, vidole nilivyohesabu, na wivu pia. Nikamwambia kwamba alikuwepo kwenye kila kitanda cha mgonjwa kwa sababu sisi hatukuwepo. Nililia. Shangazi aliangalia migomba.

"Haya, inuka mwanangu," mama mdogo akasema. Alilipokea jani kwa mikono miwili. "Isale halikataliwi. Nimesamehe, na wewe wifi nimekusamehe."

Shangazi aliahidi kusimama kwenye kikundi kile kile na kuyafuta maneno yake, na Jumapili iliyofuata alisimama kweli. Chupa chache zilirudi. Nyingine zilishazoea mabonde mawili. Maji yakimwagika hayazoleki, na mimi nilikuwa nimeyamwaga mbele ya watu, tena kwa madaha.

Lakini siku hiyo nilijisikia mwepesi. Tulipanda wote watatu mpaka kwa baba. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake barazani, amenyolewa vizuri, shati safi. Nilimwamkia, akanipa mkono mzima. Mama mdogo aliingia jikoni, akatoka na kikombe cha maziwa ya moto, akasimama mbele yake. Nikamwona anakipeleka mdomoni mwake.

"Mama," nikasema, "si tumeshamaliza?"

"Tumemaliza, mwanangu. Ni mkono tu, umezoea."

Nilimgeukia baba, nikitumaini atainua mkono kukizuia kikombe kama siku ile. Mkono wake mzima ulikuwa umetulia pajani. Alikuwa anamwangalia koo, na alipoona amemeza, ndipo akafungua mdomo.